Makomeo Sita ya Malik Behram

Zarwali na mimi ni watoto wa ndugu wawili, na karakana yetu ilikuwa moja, hapa Darra, mji wa mafundi bunduki wa Pakistani, mtaa wa nyuma, mlango wa tatu ukitoka kwa muuza mkate. Mimi nachonga vitako vya bunduki kwa mbao ya jozi. Yeye alikuwa akitengeneza makomeo, kile kipande cha chuma unachokisukuma na kukizungusha ili risasi ifungiwe ndani kabla hujafyatua. Mtu asiyejua bunduki husifia mtutu. Anayejua hulichomoa komeo kwanza, akayatazama meno yake mawili, kwa sababu baruti ikishawaka, hakuna kingine kinachosimama kati ya ule moto na jicho lako.

Mwaka ule watu walishikwa na kichaa cha bunduki za masafa. Kila mwenye pikapu mpya alitaka bunduki ya kupigia jiwe lililoko ng'ambo ya bonde. Risasi zenyewe zilikuwa nene kama kidole gumba, na komeo la kawaida haliziwezi. Likawa linatakiwa komeo zito, la kutengenezwa kwa kipimo cha bunduki moja tu, na kwa kazi hiyo Zarwali hakuwa na mpinzani. Siku nyingine foleni ya wateja ilifika kwa muuza mkate.

"Wote wanataka zito," alikuwa akiniambia, "ila bei wanataka ya jepesi."

Na komeo zito ni mzigo kulitengeneza. Linakula chuma mara mbili ya la kawaida, na siku sita za mikono. Chuma kizuri kilitoka Lahore kwa mfanyabiashara anayekiuza pamoja na karatasi yake ya kiwandani. Kuna mkaa wa tanuri, kuna mafuta ya kuzamishia, kuna umeme unaokatika mashine ikiwa katikati ya kukereza na kipande kinaharibika. Katika kila manne, moja lilikuwa linatupwa.

Malik Behram alikuja mwenyewe. Ni mkuu wa ukoo kule bonde la Tor Ghundai, mwendo wa saa nne kwa gari. Alikaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, watu wake wanne wakasimama mlangoni.

"Sita," alisema. "Mazito. Na sitaki mihuri wala namba. Nataka yawe safi kama kioo."

"Elfu kumi na sita kila moja, Malik."

"Kumi na mbili."

"Malik, kwa kumi na mbili nitakuwa nakulisha."

"Kwani kunilisha kuna ubaya gani? Mimi si mgeni wako?"

Watu wake wakacheka. Zarwali naye akacheka, na kile kicheko ndicho kilichofunga biashara kwa kumi na mbili. Mbele ya Behram watu hucheka wanapotakiwa. Kuna makanika mmoja wa Kohat aliyemwekea kipuri chakavu kwenye gari lake. Sasa anatembea kwa gongo, na hakuna anayemuuliza alianguka wapi.

Wiki mbili baadaye bei ya chuma cha Lahore ilipanda. Zarwali alikuwa na akiba ya kutosha makomeo mawili. Manne yaliyobaki, kila alivyopiga hesabu, yalimtoa mfukoni. Hapo ndipo akatokea Waris Gul, kaka wa mkewe, anayeuza vyuma chakavu barabara kuu.

"Shemeji, ninacho chuma cha ekseli ya lori," alisema Waris. "Kilekile tu."

"Kina karatasi?"

"Kwani wewe unakereza chuma au unakereza karatasi?"

Nilikuwepo. Nilimwona Zarwali akikigongagonga kile chuma kwa nyundo, akikisikiliza, akikigeuza. Nilimwona anasita. Halafu alikinunua. Sikusema kitu, ilikuwa saa ya chai, na mimi nilikuwa na kazi zangu. Makomeo sita yakatoka, yamesuguliwa mpaka unauona uso wako. Mawili ya chuma cha zamani, manne ya chuma cha Waris, na hayakuwa na alama yoyote ya kuyatofautisha. Malik hakutaka alama. Watu wake waliyachukua siku ya Jumanne.

Siku ya tisa baada ya hapo, Alhamisi asubuhi, nilimwomba Zarwali anitengenezee patasi. Alichukua kipande kilichobaki cha chuma cha Waris, kilichopita kwenye moto uleule na mafuta yaleyale pamoja na makomeo, akakinoa, akanipa. Niliiweka kwenye mbao, nikagonga mara moja tu. Patasi ikakatika.

Nilicheka. "Fundi mzima, patasi imekushinda!"

Zarwali hakucheka. Aliokota kile kipande, akaenda nacho mlangoni kwenye mwanga. Chuma kizuri kikivunjika, ndani yake ni laini, kijivu, kama jivu lililochekechwa. Hiki ndani kilikuwa na chembe kubwa zinazong'aa, kama chumvi ya mawe.

"Patasi tu hiyo," nilisema.

"Siyo patasi, Tilawat," alijibu. "Siyo patasi."

Tulikwenda kwa Waris Gul bila hata kufunga mlango. Tulimkuta anakunywa chai juu ya lundo la rejeta.

"Ilikuwa ekseli ya lori gani?" Zarwali alimuuliza.

"Shemeji, lori ni lori."

"Waris!"

"Sasa unanipigia kelele za nini mbele za watu? Nilikinunua kwenye lundo. Sijui kilikuwa nini. Kilikuwa chuma, basi! Nilikuuzia mbao?"

Nilidhani Zarwali atampiga. Alikaa chini. Alikaa palepale kwenye vumbi, kofia mkononi, na mtu aliyepita alinong'ona kuuliza kama tumefiwa.

Tulimpigia simu Malik mara kumi. Haikupatikana. Tukampigia mwenye duka mmoja wa Tor Ghundai, mteja wangu wa zamani.

"Malik? Mtampata wapi leo," alisema mwenye duka. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa anamchumbia mwanawe Samandar. Kuna karamu, kuna mashindano ya kupiga yai mlimani. Wanazitoa bunduki mpya. Mmealikwa?"

"Wameshazipiga?" Zarwali alimuuliza.

"Bado. Malik amesema zianze kulia kesho, mbele ya wageni."

Nyumbani kwake, mkewe Bakhtmina alitupa mkate na mtindi, na hakuna aliyegusa. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama.

"Usiende," alisema. "Mtumie mtu."

"Nitamtuma nani? Nani atakwenda kumwambia Behram maneno hayo?"

"Basi kaa kimya. Zarwali, hizo ni bunduki. Watu wanazinunua waue watu. Miaka ishirini umezitengeneza ukalala usingizi. Leo ndiyo unaogopa zitaua mtu?"

"Anayekufa mbele ya bunduki simjui," alisema Zarwali. "Anayekufa nyuma yake alinipa mkono wake hapa karakana."

"Na mimi nikifa kwa njaa na watoto wako, tutakuwa mbele au nyuma?"

Zarwali alivaa kofia akatoka nje.

Kulipokucha Ijumaa tulikodi pikapu. Kwenye kizuizi cha kwanza cha askari tulisimamishwa nusu saa, cha pili saa nzima. Askari mmoja kijana alitaka kujua fundi bunduki anakwenda karamuni kufanya nini. Zarwali alikuwa anajibu huku akitazama jua. Dereva aliwasha redio, nikamwomba azime. Tulipoingia bonde la Tor Ghundai sala ilikuwa imekwisha, na kabla hatujaona nyumba hata moja tulisikia mlio.

Zarwali alinishika goti. Ukaja mwingine. Akawa anasikiliza kama daktari.

"Hizo ni nyepesi," alisema. "Ni bunduki za zamani. Wanapasha mkono." Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na madirisha yalikuwa wazi, na upepo wa mlimani ulikuwa baridi. Kila mlio ulipolia, alifumba macho mpaka auhesabu kuwa ni mwepesi. Tulihesabu hivyo milio kumi na saba.

Watu walikuwa wamekaa kwenye vitanda vya kamba kando ya korongo, labda mia mbili, na sufuria za wali zikifuka moshi nyuma yao. Ng'ambo, juu ya jiwe, kulikuwa na yai jeupe usilolijua ni yai mpaka uambiwe. Kwenye zulia jekundu zililala bunduki ndefu mpya. Samandar, kijana mtanashati mwenye shada la maua shingoni, alikuwa amelala kifudifudi, shavu limeegemea kitako nilichokichonga mimi, na mkono wake ulikuwa unalifunga komeo.

Zarwali aliruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama.

"Usipige! Wallahi usipige! Usipige!"

Alikimbia akakatiza mbele ya mtutu wenyewe. Walinzi wawili walimwangusha, mmoja akamkanyaga mgongoni. Ngoma ilinyamaza. Nilifika nikiwa nimeinua mikono juu, nikawa nasema maneno ambayo siyakumbuki.

Malik Behram alikuja polepole, akifuta mikono kwa kitambaa. "Fundi," alisema, "umekuja kula au umekuja kunitia aibu?"

"Malik, yale makomeo. Chuma ni kibovu. Yatavunjika."

"Yote?"

"Mawili ni mazima. Manne ni mabovu."

"Yapi?"

"Sijui, Malik."

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Behram aliwatazama wageni wake, wakuu wa koo nyingine waliokaa mstari wa mbele na bilauri zao za chai, na mmoja wao alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu lilinitisha kuliko walinzi.

"Kwa hiyo uliniuzia mauti ya wanangu wanne," Behram alisema, "na hujui ni wepi."

"Ndiyo, Malik."

"Na umekuja mwenyewe kuniambia."

"Ndiyo."

"Fungueni tairi la trekta," aliwaambia watu wake.

Walileta tairi, wakaifunga ile bunduki ya Samandar juu yake, wakatia kamba kwenye kifyatulio, wakarudi nyuma ya ukuta wa mawe. Mlio wa risasi kubwa si kama wa ndogo, unausikia tumboni. Bunduki ikaruka, ikatulia. Walifungua komeo, zima. Wakapiga tena. Zima. Mara tano, na mara zote tano zima. Kufikia ya tatu watu walikuwa wameanza kucheka, na ya tano walikuwa wanapiga makofi.

"Fundi anaogopa kivuli chake!"

"Mleteeni kikombe cha maziwa, tumbo linamsokota!"

"Amesikia harufu ya wali, akatafuta sababu ya kuja!"

Malik hakucheka. Yule mgeni bado alikuwa anatabasamu. "Basi imetosha," Behram alisema. "Samandar, chukua nyingine, piga yai, tule."

Samandar aliinama kuchukua bunduki ya pili. Zarwali aliwaponyoka walinzi akajitupa juu yake, akaikumbatia kama mtu aliyekumbatia mtoto. Walimvuta miguu. Hakuachia.

"Mwacheni," Behram alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sasa. "Mwacheni aishike. Fundi, unaipenda sana? Ipige wewe."

"Malik..."

"Kama ni nzima, umenipotezea siku yangu, na hilo tutaliongea. Kama ni mbovu, umekufa kwa kazi ya mikono yako, na mimi sina deni na ndugu zako. Piga."

Nilisema, "Malik, na hii ifungwe kwenye tairi, kwa hisani yako." Mtu alinipiga kitako cha bunduki kwenye mbavu. Nilikaa chini.

Zarwali alilala kwenye zulia. Alikuwa anatetemeka mpaka mtutu ulikuwa unagonga jiwe ulipoegemea, tk-tk-tk, na watu wote wakausikia. Alisoma shahada. Aligeuza uso pembeni, mbali na komeo, akanitazama mimi, halafu akafyatua. Moshi. Uso wake ulikuwa bado upo.

"Tena," Behram alisema.

Alilifungua komeo, likafunguka. Akatia risasi. Safari hii mimi ndiye niliyefumba macho. Mlio. Nikafumbua, alikuwa bado anapumua, na mkojo ulikuwa umelowesha suruali yake, na hakuna aliyecheka tena.

"Tena."

Ya tatu ililia kama zile nyingine. Zarwali alishika mkono wa komeo aufungue. Haukwenda. Akavuta kwa mikono miwili. Haukwenda. Alibaki hivyo, ameushika, halafu akalaza kichwa chake chini kwenye zulia na kusema kwa sauti ndogo sana, "Hii hapa."

Walileta nyundo ya mbao. Baada ya mapigo manne komeo likatoka, na jino moja likadondoka juu ya zulia jekundu kama jino la mtoto. La pili lilikuwa na ufa mtu anaweza kuingiza ukucha. Risasi moja zaidi, na komeo zima lingerudi nyuma.

Behram aliliokota lile jino, akaliweka kiganjani. Alimtazama Samandar, aliyekuwa amesimama na maua yake shingoni, rangi imemtoka.

"Mwanangu hakufa leo," alisema. "Kwa hiyo na wewe hufi leo. Yachukue haya. Baada ya miezi miwili uniletee sita, ya chuma chenye karatasi, na usinitajie bei."

Walichomoa makomeo kwenye bunduki zote wakayatia kwenye mfuko. Zarwali aliyahesabu kwa vidole. Aliyahesabu tena.

"Malik, haya ni matano."

"La sita liko kwenye bunduki niliyompa mgeni. Haji Turyalai, mfanyabiashara wa mbao wa ng'ambo ya mpaka. Alipita Jumatano, akaondoka nayo."

"Nitampataje?"

"Hapatikani kwa simu. Na ukienda kwake kumwambia kwamba Behram alimpa zawadi mbovu, hutafika. Sikutishi, fundi. Nakwambia njia ilivyo."

Njiani kurudi, karibu na Darra, Zarwali aliufungua ule mfuko wa makomeo. Halafu alisema, "Mabovu ni manne." Nikamwelewa mara moja. Tukivunja haya matano na manne yakawa mabovu, basi la Haji ni zima, na tunaweza kwenda kulala.

Tulifungua karakana tukiwa na nguo zenye vumbi. Lile lisilo na jino tulilitenga, hilo ni moja. Alifunga la pili kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, akainua nyundo. Nilijikuta naomba dua ya ajabu kabisa: Mola, livunjike. Likavunjika kwa pigo la kwanza. Mawili. Akafunga jingine, nalo likakatika na chembe zake za chumvi zikang'aa. Matatu. Zarwali alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu patasi niliona tumaini usoni mwake. Yalibaki mawili. Moja likiwa bovu, la Haji ni zima.

Alifunga la nne. Akapiga. Nyundo ikaruka nyuma.

Akapiga tena kwa nguvu zake zote. Likatoa mlio safi, mrefu, kama kengele. Akapiga, akapiga, mpaka nikamshika mkono.

"Bado moja," nilisema.

La tano lilikuwa lile la kwenye tairi, lililopigwa mara tano na watu wakashangilia. Alilifunga polepole. Alipiga pigo moja tu, na tukausikia ule mlio wa kengele. Hakupiga tena. Aliweka nyundo mezani, akanawa mikono, akaenda zake nyumbani bila kunifungia mlango.

Ili apate chuma cha Malik aliuza nyati wake wawili wa maziwa na mashine yake ndogo ya kukereza. Makomeo sita mapya yakapelekwa, nayo yalikuwa mazuri. Wakati huo wote tuliwapa ujumbe madereva wa malori ya mbao, kila dereva tuliyemwona: mwambieni Haji Turyalai asiipige bunduki aliyopewa. Tuliwapa madereva kumi, ishirini. Wengine walisema watafikisha. Mmoja alituuliza kama tunamfahamu Haji vizuri, na tulipomwambia hapana, alituangalia kwa huruma akawasha gari.

Zarwali alikonda. Ilikuwa ukidondosha kitu nyuma yake anaruka. Wateja walikuwa bado wanakuja, wengi kuliko mwanzo, maana habari za Tor Ghundai zilikuwa zimeenea na watu walisema huyu ndiye fundi wa kweli. Aliwafukuza. Akawa anatengeneza bawaba za milango.

Habari ililetwa na dereva mmoja wakati wa theluji. Haji Turyalai alikwenda kuwinda nguruwe pori. Bunduki ilimlipukia. Jicho la kulia limekwenda, na vidole viwili. Haji mwenyewe anasema risasi ilikuwa ya zamani, ni majaliwa.

"Basi," nilimwambia Zarwali. "Anasema ni majaliwa. Mwache aamini hivyo."

Njia zilipofunguka alinunua kondoo dume, akampakia kwenye lori la mbao, akaondoka. Hakuniaga. Bakhtmina ndiye aliyeniletea habari, na kwa siku tisa alikuwa akija karakana asubuhi na jioni kuniuliza kama nimesikia lolote, na sikuwa nimesikia lolote.

Siku ya kumi Zarwali alirudi. Alikuwa amechakaa, lakini mzima. Alinisimulia mara moja tu.

"Alinipokea vizuri," alisema. "Alinipa chai. Amefunga kitambaa kwenye jicho. Kondoo nilimfunga mlangoni kwake, nikamwambia mimi ndiye niliyelitengeneza lile komeo, na chuma nilikijua kuwa hakina karatasi. Halafu akaniuliza, chuma kizuri kingekugharimu kiasi gani zaidi?"

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Rupia elfu tatu. Akasema, sema tena, sikio moja halisikii tangu siku ile. Nikasema tena. Akanifanya niseme mara tatu, Tilawat."

"Alimchinja kondoo?" nilimuuliza. Kwa desturi yetu akichinjwa, umesamehewa, akifukuzwa, ujue la kukufika.

"Hakumchinja. Wala hakumfukuza. Alimwacha amefungwa palepale, akaniambia: 'Rudi kwenu sasa hivi, kabla wanangu hawajarudi kutoka msituni. Mimi nimesikia. Wao bado hawajasikia, na sijui nitawaambia nini.'"

Imekuwa miaka miwili. Wana wa Haji ni watatu. Zarwali amegeuza meza yake ikatazamana na mlango. Likisimama gari lenye tope la mbali, mimi huingia nyuma ya mbao zangu, siwezi kujizuia. Yeye huweka tupa chini, hujifuta mikono, halafu hutoka nje kwenda kuuliza wanamtafuta nani.